Sungura, panya na mikrowevu: nini hasa kiliwapata wanyama wa maabara

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Wanafunzi wangu wawili wamezozana darasani hadi kengele ikalia. Mmoja amesoma kwamba mawimbi ya mikrowevu yaliwaharibu macho sungura wa maabara na kuwapa panya saratani ya moyo. Mwenzake anasema huo ni uvumi, kwa sababu mawimbi hayo hayana nguvu ya kuvunja hata molekuli moja ya mwili. Nani yuko sahihi, na wanyama hao walifanyiwa nini hasa?

Jibu:

Mwalimu, habari za kazi. Wapongeze wote wawili, maana kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Sungura walipata mtoto wa jicho kweli. Panya dume waliota uvimbe kwenye moyo, na matokeo hayo yamechapishwa. Ni kweli vilevile kwamba chembe moja ya wimbi la mikrowevu haina ubavu wa kung'oa elektroni. Kinachokosekana katika mzozo wao ni swali ambalo mimi huliuliza kabla sijatazama jedwali lolote la matokeo: mwili wa mnyama yule ulipokea nishati kiasi gani kwa kila kilo, na alilinganishwa na nani?

Nianze na hoja ya mwanafunzi wa pili. Oveni ya mikrowevu hutumia mawimbi ya gigahezi 2.45. Fotoni moja, yaani chembe moja ya wimbi hilo, ina nishati ya takriban elektronivolti 0.00001, ilhali kung'oa elektroni kwenye molekuli ya mwilini kunadai elektronivolti kama 10, yaani mara milioni moja zaidi. Ukiongeza nguvu ya mashine unaongeza idadi ya fotoni, huzifanyi ziwe kali zaidi moja moja. Ndiyo maana mikrowevu haiwekwi kapu moja na eksirei. Hadi hapo kijana wako amesema sawa.

Lakini wimbi hili lina njia nyingine ya kuugusa mwili. Uga wake wa umeme hugeuka huku na huku mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Molekuli za maji, ambazo zina upande chanya na upande hasi, hujaribu kuufuata na kusukumana na jirani zake. Ioni za chumvi nazo hutikiswa. Matokeo yake ni joto. (Mara nyingi husemwa kwamba gigahezi 2.45 ni masafa maalumu ambayo maji "huitikia". Si hivyo. Maji hufyonza mikrowevu katika masafa mapana, na kilele chake kiko huko karibu na gigahezi 20.) La kuzingatia ni mahali joto hilo linapozaliwa. Jua huchoma ngozi kwanza, lakini wimbi la gigahezi 2.45 huzama katika msuli kiasi cha sentimita 2 hivi kabla nguvu yake haijapungua sana. Kwa mtu mzima, sentimita 2 ni ngozi, mafuta na msuli wa juu. Kwa panya mdogo, sentimita 2 ni kutoka mgongoni hadi tumboni, moyo, ini na vyote vilivyomo.

Hapa ndipo habari nyingi za wanyama wa maabara hupotoshwa bila mtu kukusudia. Mwili wa mnyama ni kama antena: ukikaribiana kwa urefu na nusu ya urefu wa wimbi, hunasa nishati kwa wingi kupita kiasi unachoweza kukadiria kwa kuangalia ukubwa wake tu. Wimbi la gigahezi 2.45 lina urefu wa sentimita 12 hivi, na nusu yake ni 6, karibu sawa na kiwiliwili cha panya mdogo wa maabara. Panya mkubwa wa maabara, yule mweupe wa gramu mia tatu au zaidi, hunasa vizuri zaidi kwenye megahezi 600 hadi 700. Binadamu aliyesimama hunasa vizuri kwenye megahezi kama 70, ambayo hata haijafika kwenye mikrowevu. Kwa hiyo ukiwaweka panya mdogo na mtu mbele ya chanzo kilekile cha gigahezi 2.45, kwa umbali uleule, panya atapokea kwa kila kilo ya mwili wake zaidi ya mara kumi ya anachopokea mtu. Mtu akikuambia "wanyama walipigwa na miliwati 10 kwa kila sentimita ya mraba", hajakuambia chochote mpaka ataje mnyama gani na masafa gani.

Ndiyo sababu watafiti walihamia kwenye kipimo cha wati kwa kila kilo ya mwili. Aliyeonyesha faida yake kwa njia iliyonivutia mimi tangu nikiwa mwanafunzi ni John de Lorge, aliyefanya kazi na panya wakubwa na kima wa aina mbili. Wanyama hao walikuwa wamefunzwa kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Walikuwa na njaa, kazi waliijua, na walibonyeza bila kusita. Kisha mawimbi yakaongezwa taratibu mpaka mnyama akaacha kubonyeza. Ukiangalia nguvu ya wimbi iliyofika pale mnyama alipokuwa, majibu yametawanyika mno: baadhi waliacha kazi kwenye miliwati chache kwa sentimita ya mraba, wengine walivumilia zaidi ya mara kumi ya hapo, kutegemea mnyama na masafa. Ukigeuza hesabu iwe wati kwa kilo, majibu yaleyale yanakusanyika karibu na wati 4. Na katika wengi wao, joto la mwili lilikuwa limepanda kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Kutoka kwenye wati hizo 4 ndiko vilikotoka viwango vya usalama vinavyotumika leo: gawanya kwa 10 upate wati 0.4 kwa kilo kwa wafanyakazi, kisha gawanya tena kwa 5 upate wati 0.08 kwa watu wote wengine.

Wati 4 kwa kilo ni nyingi au chache? Mtu aliyetulia huzalisha mwenyewe joto la wati 1 hivi kwa kila kilo. Panya mkubwa, mwenye mwili mdogo unaopoteza joto haraka, huzalisha kama 6. Kwa hiyo kwa panya wati 4 ni mzigo unaobebeka kwa muda, ikiwa chumba ni cha baridi na hewa inapita. Chumba kikiwa na joto na unyevu, mzigo uleule unaweza kumuelemea. Nimesoma ripoti ambazo hazikutaja kabisa joto la chumba wala unyevu wake, na kwa maoni yangu ripoti ya aina hiyo haifai kunukuliwa, hata kama matokeo yake yanapendeza.

Mtazame panya anayezidiwa na joto, utaelewa kwa nini ninasisitiza hili. Panya hatoki jasho wala hahemi kama mbwa. Kwanza mkia wake hujaa damu, maana mkia ule usio na manyoya ndio kifaa chake cha kupozea. Halafu huanza kujilamba: mikono, kifua, tumbo, korodani, mpaka manyoya yanaloa mate na kushikana vishungi vishungi. Kisha hujilaza kifudifudi, amejinyoosha, kidevu kimegusa sakafu. Anayemwona hivyo kwenye kasha la majaribio na kuandika tu "mnyama alionyesha tabia isiyo ya kawaida kutokana na mionzi" ameandika kweli nusu. Na panya aliyelazwa usingizi kwa dawa hata hayo hawezi kuyafanya. Joto la mwili wake hupanda ovyo. Baadhi ya majaribio ya zamani yaliyoripoti madhara makubwa kwa dozi ndogo yalifanywa kwa wanyama waliolazwa usingizi, au waliobanwa ndani ya mirija wasiweze kugeuka.

Eleanor Adair, aliyefanya kazi New Haven huko Marekani, alilitazama jambo hilo upande wa pili: mnyama akiachiwa nafasi ya kujisaidia, atafanya nini? Aliwafundisha kima wadogo wa Amerika Kusini kuvuta kamba ili kuchagua hewa ya baridi au ya moto iingie chumbani mwao. Mawimbi ya gigahezi 2.45 yalipowashwa kwa kiwango cha wati 1 hivi kwa kilo, kima walianza kuchagua hewa ya baridi zaidi kuliko kawaida yao, na joto la miili yao likabaki palepale. Hakuna aliyewaambia kuna wimbi. Walilihisi kama joto, wakalijibu kama joto.

Sasa sungura. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu. Kiungo kingine kikipata moto, damu inapita na kulibeba joto. Lenzi haina wa kuibebea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti waliona kwamba mikrowevu yenye nguvu ikielekezwa kwenye jicho la sungura, siku chache baadaye lenzi hupata ukungu. Majaribio ya miaka ya 1970 yalipima vizuri zaidi: kwa gigahezi 2.45, ukungu ulitokea kwenye takriban miliwati 150 kwa kila sentimita ya mraba jichoni, kwa muda wa dakika 100 hivi, na joto karibu na lenzi lilikuwa limefika nyuzi 41 au zaidi. Halafu wakafanya jaribio ambalo ningependa wanafunzi wako walijue kuliko yote: sungura akapozwa mwili mzima, wimbi likabaki na nguvu ileile, lakini lenzi haikufika joto lile. Mtoto wa jicho hakutokea. Kima walipopigwa na wimbi lenye nguvu kubwa, lenzi zao hazikuharibika. Ngozi ya uso iliungua kwanza. Uso wa kima una umbo lingine, na jicho lake limekaa tofauti na la sungura.

Ulinganishe na oveni ya jikoni. Kiwango cha juu cha uvujaji kinachoruhusiwa nchini Marekani ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ikipimwa sentimita 5 tu kutoka kwenye oveni, na nguvu hiyo hupungua haraka ukisogea nyuma.

Korodani ni habari fupi, ya aina hiyohiyo. Kwa kawaida hukaa kwenye joto la chini kuliko mwili kwa nyuzi kadhaa, na chembe zinazoelekea kuwa mbegu za kiume hufa zikipashwa. Panya dume waliopashwa na mikrowevu kiasi cha kutosha walipungukiwa na mbegu kwa muda. Maji ya moto yangefanya vivyo hivyo. Wajawazito nao: watoto wa panya walizaliwa na kasoro pale joto la mama lilipopandishwa hadi kiwango cha homa kali na kushikiliwa hapo.

Kuna athari moja ambayo huwatatiza watu, kwa sababu hutokea bila mwili kupata joto linalopimika kwa kipimajoto cha kawaida. Mapema miaka ya 1960 mtafiti Allan Frey aliripoti kwamba watu husikia mlio kama wa kugonga kwa kidole, tik tik, wanapopigwa na mikrowevu inayokuja kwa mapigo mafupi kama ya rada. Baadaye ikaonekana kwa paka na wanyama wengine wa maabara: wimbi linapopiga, sikio la ndani linatoa ishara ya umeme kama vile limesikia sauti, na sikio hilo likiharibiwa, jibu linapotea. Maelezo yake ni mazuri sana. Kila pigo hupandisha joto la kichwa kwa sehemu chache tu za milioni za nyuzi moja, lakini kwa ghafla mno, ndani ya mikrosekunde. Tishu hutanuka ghafla, mtanuko ule unasafiri kama wimbi la sauti kupitia kichwani, na sikio hulisikia. Kwa hiyo mtu akidai kwamba athari zote za mikrowevu ni "kupikwa", mwambie kuhusu jambo hili. Na akidai kwamba hii ni siri isiyoelezeka, mwambie pia.

Kabla sijafika kwenye saratani, niseme neno juu ya makosa ya vifaa, maana yameshaharibu kazi ya watu waaminifu. Ukimchomeka mnyama kipimajoto cha waya wa chuma ndani ya uga wa mikrowevu, waya wenyewe hugeuka antena na kuchoma tishu pale ulipogusa. Utapima joto ulilolileta wewe. Ndiyo maana siku hizi hutumiwa vipimajoto visivyo na chuma. Chupa ya maji kwenye kizimba nayo ina mdomo wa chuma. Panya anapoweka ulimi pale, uga unajikusanya kwenye ncha, na nishati inaingia mdomoni mwake kuliko mahali pengine popote. Akipigwa na mshtuko mara mbili tatu, ataacha kunywa, atapungua uzito, damu yake itabadilika, na mtafiti asiyejua atasema mionzi imemdhoofisha. Kwa hiyo kila kundi linalopigwa na mawimbi linahitaji kundi jingine lililokaa kwenye kasha lilelile, chupa ileile, kelele ileile ya feni, mashine ikiwa imezimwa. Bila kundi hilo, sisomi zaidi.

Sasa panya na saratani. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, panya wakubwa 200, nusu yao wakiwa kundi la mashine iliyozimwa, walikaa kwenye mikrowevu ya megahezi 2450 (ndizo gigahezi 2.45) saa zaidi ya 21 kwa siku kwa miezi 25, kwa wati 0.15 hadi 0.4 kwa kilo. Waliopigwa walikuwa na uvimbe mbaya 18, wenzao 5. Lakini uvimbe huo ulikuwa umetawanyika viungo mbalimbali bila aina moja kuzidi, na muda wa kuishi wa makundi mawili haukutofautiana. Mwaka 1997 kundi la watafiti Australia lilitumia panya wadogo waliobadilishwa vinasaba ili wawe wepesi kupata saratani ya limfu. Asilimia 43 ya waliopigwa na megahezi 900 walipata, dhidi ya 22 ya wenzao. Mwaka 2002 watafiti wengine walirudia kwa panya wa aina hiyohiyo na hawakuona ongezeko. Hali ni hiyohiyo kwa madai ya mwaka 1995 kwamba DNA ya ubongo wa panya ilikatika baada ya saa mbili za mikrowevu: maabara nyingine ilirudia na haikuipata.

Kazi ambayo mwanafunzi wako wa kwanza ameisoma bila shaka ni ile ya Programu ya Taifa ya Toksikolojia ya Marekani, ripoti ya mwisho ya mwaka 2018. Panya wakubwa walianza kupigwa wakiwa bado tumboni mwa mama zao, wakaendelea miaka miwili, saa 9 kwa siku kwa vipande vya dakika 10, kwa mawimbi ya simu ya megahezi 900. Viwango vilikuwa wati 1.5, 3 na 6 kwa kilo, mwili mzima. Uvimbe wa moyo uitwao shwanoma, unaoota kwenye seli zinazofunika neva, ulionekana hivi kwa madume katika mojawapo ya aina mbili za mawimbi: kundi lisilopigwa 0 kati ya 90, kisha 2, kisha 1, kisha 5. Katika aina ya pili: 0, 2, 3, 6. Majike hawakuonyesha jambo hilo waziwazi, wala panya wadogo. Programu ikahitimisha kwamba kuna ushahidi wa wazi wa uvimbe huo kwa panya dume.

Hiyo ni kazi nzito na naiheshimu. Lakini mwalimu, mwonyeshe kijana namba nyingine ya ripoti ileile: madume wasiopigwa waliofika mwisho wa jaribio walikuwa asilimia 28 tu, ilhali waliopigwa walikuwa kati ya asilimia 48 na 68. Waliopigwa waliishi zaidi. Wasiopigwa walikufa mapema, wengi kwa ugonjwa wa figo ambao huwapata panya hawa wakizeeka, na uvimbe ni jambo la uzeeni. Je, sifuri ile ingebaki sifuri kama wangeishi muda sawa? Ni swali halali, ingawa wapo waliochambua tena na kuona kwamba halitoshi kufuta matokeo yote. Kumbuka pia kwamba wati 6 kwa kilo mwili mzima ni mara 75 ya kiwango cha watu wa kawaida.

Mwaka huohuo Taasisi ya Ramazzini ya Italia, iliyotumia panya 2,448 na nguvu ndogo zaidi, iliripoti ongezeko la shwanoma ya moyo kwa madume wa kiwango cha juu. Mwaka 2025 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yaliupa ushahidi wa uvimbe wa aina hii kwa panya dume uhakika wa juu. Mapitio mengine ya shirika hilohilo, ya mwaka 2024, yaliyowahusu binadamu, hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, kwa sababu ya yale niliyoeleza juu ya sentimita 2: moyo wa panya umo ndani ya wimbi, moyo wa mtu mwenye simu sikioni haumo. Nisingemwambia mwanafunzi kwamba hakuna cha kuchunguza. Nisingemwambia pia kwamba tayari imethibitika kwa watu.

Ukirudi darasani, waandikie ubaoni wati 4 kwa kilo. Waambie kilo moja ya mwili huhitaji jouli 3,500 hivi ili ipande nyuzi 1, kisha waulize itachukua muda gani. Watakokotoa, watapata dakika 15 hivi. Halafu waambie kwamba panya halisi, kwenye chumba cha baridi, anaweza kukaa ndani ya wimbi hilo muda mrefu kuliko huo bila joto lake kupanda nyuzi 1. Waache wabishane tena kwa nini, mpaka mmoja wao autaje mkia.